Ndizi Ndani ya Mfuko wa Supu

Garissa,
Jumapili, 2 Februari 2025

Kwa Habaryar Anab,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na natumaini barua hii itakukuta una afya na usingizi wa kutosha, ingawa Hooyo anasema wanafunzi wa uuguzi hawalali. Habari za nyumbani Balambala ni njema. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, wote majike. Migomba ya Aabo kando ya mto imeshika tena. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ukimuuliza anasema ni viatu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia Kiswahili wakati sisi tangu kuzaliwa tunazungumza Kisomali. Ni Mwalimu Ramla, anayesimamia bweni letu. Simu haziruhusiwi hapa, kwa hiyo ametuambia kila mmoja achague ndugu wa mbali amwandikie kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu mwakani tuna mtihani. Barua zote anazisoma yeye na kuzitia sahihi. Mwalimu anatoka Lamu, na alipoona jina lako aliniuliza nani hasa ni mama mdogo, mbona nasema wewe ni Habaryar na wewe pia huniita Habaryar. Nikamweleza kwamba kwetu mkubwa humrudishia mtoto jina lile lile: wewe ni mama mdogo wangu, nakuita Habaryar, nawe unaniita hivyo hivyo, mama namwita Hooyo naye ananiita Hooyo, na baba namwita Aabo naye ananiita Aabo. Alicheka, akasema ni mila nzuri, kila mtu anapata alichotoa.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Kwa simu husikii ila nusu, kwa sababu wote wanakuwa wamekaa pale wanasikiliza. Mafuriko ya mwaka juzi, kaka yangu Abdiwali alimwambia Aabo waitoe pampu mtoni kwa sababu maji yanakuja. Alimwambia hotelini, mbele ya wazee wanaokunywa chai. Aabo akasema mtoto hamfundishi baba yake mto. Watu wakacheka. Abdiwali aliondoka siku hiyo hiyo juu ya lori la ng'ombe, na siku chache baadaye mto ukachukua pampu. Tangu hapo Aabo hajalitaja jina lake. Hooyo bado anamwekea chakula chake kwenye sahani ndogo, kisha asubuhi anawapa kuku.

Watu wanasema yuko Nairobi. Je, Habaryar, umewahi kumwona? Na wewe unakula nini huko? Hooyo anasema kwenye picha umekonda.

Wako mtiifu,
Idman Nunow


Nairobi,
27 Februari 2025

Kwa Habaryar Idman,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Barua yako nimeisoma mara mbili ndani ya lifti ya hospitali, nikapitiliza wodi yangu. Mwambie Mwalimu wako Kiswahili chako kimenitisha. Nimelazimika kuazima kamusi ili nisiaibike mbele yake. Mwambie Hooyo sijakonda, ni sare ya wanafunzi imekatwa kwa ajili ya watu wa Kisumu wenye mabega.

Umeuliza nakula nini. Siku nyingi, chai na mandazi ya kusimama. Lakini Alhamisi natoka wodini saa moja jioni nikiwa sina nguvu hata ya kuwasha jiko, na siku hiyo naagiza supu ya Wavietnamu. Usikunje uso. Mwenzangu wa chumbani, Ruweyda, ndiye aliyeniambia. Niliwapigia kwanza kuuliza nyama inachinjwa na nani, wakanitajia bucha ya Waislamu ninayoijua. Unaichagua kwenye simu, na kabla hujamaliza kuvua viatu imefika langoni. Inakuja mbali mbali: supu ya moto kwenye bakuli lenye kifuniko, tambi za mchele kwenye lingine, na majani mabichi na ndimu kwenye kijimfuko. Unamimina mwenyewe. Ukichelewa, tambi zinavimba na kunywa supu yote. Wanatia na vijiti viwili, ambavyo mimi nimevitumia kufungia nywele.

Mara ya kwanza nilipofungua kile kifuniko nililia kidogo, na mimi si mtu wa kulia. Ni mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa kutwa nzima na mdalasini na karafuu. Idman, ilinukia kama jikoni kwa mama yako siku ya Idd.

Na sikiliza kichekesho. Kila mara ndani ya mfuko naikuta ndizi moja mbivu. Nilidhani Wavietnamu nao wanakula supu kwa ndizi kama sisi. Nikamuuliza Ruweyda, akasema yeye anaagiza hapo hapo na hajawahi kupata hata ganda. Labda wameona jina langu wakajua mteja ni wa wapi. Mkahawa una mwendeshaji pikipiki wake mmoja. Bawabu wetu anasema ni mmoja wetu, amemsikia akizungumza Kisomali kwa simu, lakini huacha mfuko na kuondoka kabla sijamaliza ngazi. Hata salamu hasubiri. Mijini watu wamekuwa na haraka.

Kuhusu kaka yako, mji huu ni mkubwa, Habaryar. Omba dua.

Anab


Garissa,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Habaryar Anab,

Assalamu alaykum, na Ramadhani karim. Tunafuturu vizuri. Yurub, ninayekaa naye dawati moja, alisinzia kwenye somo la historia akaota anakula sambusa, akatafuna kona ya kitabu. Nyumbani wote ni wazima.

Nimeifikiria sana ile ndizi. Usinicheke.

Mkahawa haukuitia, kwa sababu Ruweyda hapati. Kwa hiyo ameitia anayeuleta mfuko. Ni Msomali, ndiyo, na vijana wetu huko Nairobi ni wengi, hilo najua. Lakini fikiri. Msomali anapewa mzigo wa mtu anayeitwa Anab. Msomali gani huyo ambaye hatapanda ngazi kukuuliza wewe ni binti wa nani, watu wako wanakaa wapi, na kama unamjua binamu yake wa Wajir? Hata mchunga ngamia aliyepotea njia huuliza hayo kabla ya kuomba maji. Msomali asiyeuliza wewe ni wa nani, mimi naona ni yule anayejua tayari.

Na mtu anayejua hutaki kula supu bila ndizi, halafu anakimbia usimwone uso, ni mtu wa namna gani?

Habaryar, Alhamisi moja usisubiri juu. Shuka mapema usimame na bawabu. Sitamwambia Hooyo lolote. Nimeanza kula daku na nia hiyo moja.

Wako mtiifu,
Idman


Nairobi,
4 Mei 2025

Kwa Habaryar Idman,

Wa alaykum salaam. Mimi ni mzima. Mitihani imekwisha na nadhani nimepita. Kunanyesha kila siku na nguo hazikauki. Samahani kwa kukawia hivi, na kwa kukata simu ya Idd haraka. Niliandika barua mbili kabla ya hii nikazichana.

Alhamisi bado naagiza supu. Ndizi bado zinakuja.

Kuna neno nimeapishwa nisilitamke kwa mtu yeyote wa nyumbani. Nimeapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, basi usinitie dhambini kwa kuniuliza. Soma kwa bidii. Kunywa maji.

Anab


Garissa,
Jumapili, 25 Mei 2025

Kwa Habaryar yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako ilinifikia wiki iliyopita, mvua ilikuwa imekata barabara. Mwalimu Ramla aliisoma, akaitia sahihi, akanipa. Kisha akarudi na karatasi mbili safi akaziweka juu ya kitanda changu.

Hukuniambia chochote, na nakushukuru sana kwa hilo. Nililala vizuri siku hiyo kuliko siku zote tangu mafuriko. Sikuulizi anakaa wapi wala kwa nini. Nitakuandikia tu habari za shamba, na wewe ukipenda kumsomea mtu habari za shamba, shamba si siri.

Aabo alinunua pampu nyingine mwaka jana. Likizo ya Aprili niliona jambo ambalo hakuna anayelizungumzia nyumbani. Kila jioni akiona wingu upande wa milimani, hata wingu dogo kama leso, anashuka mtoni na kuivuta pampu juu hadi kwenye ardhi kavu. Asubuhi anairudisha. Wazee wa hotelini wanamtania kwamba ameoa mke wa pili anayemlaza nje ya maji. Hajibu. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajichosha na mvua yenyewe haipo. Akasema, "Kuna mtu aliniambia."

Hayo ndiyo maneno yote. Hakumtaja. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikaona alivyoyasema.

Tafadhali niambie kitu kimoja ambacho hakivunji kiapo: yule mwenye pikipiki, ana afya? Mwenyewe anakula ile supu, au anabeba tu?

Wako,
Idman


Nairobi,
6 Julai 2025

Kwa Habaryar Idman,

Wa alaykum salaam. Wapokee salamu zangu Yurub na Mwalimu wako wa karatasi safi. Mimi sasa niko wodi ya watoto, na kuna mmoja ananiita bibi kwa sababu ya miwani.

Habari za shamba nilimsomea mtu. Tulikuwa langoni, na pikipiki ilikuwa inanguruma kwa sababu alikataa kuizima, alisema ana mizigo mingine miwili. Nikasoma kwa sauti ya kushindana na ile injini. Nilipofika pale baba yako anaposhuka mtoni kwa ajili ya wingu kama leso, aliizima. Nilipomaliza aliniomba nirudie yale maneno ya baba yako. Nikarudia. Akaniuliza swali moja tu: wakati wa kuivuta, kamba ya upande wa pili inashikwa na nani?

Nikamwambia sijui. Basi niambie mimi, ili nimwambie mtu.

Kuhusu afya, ana kikohozi cha vumbi, nimempa dawa. Supu hali. Anasema inamkumbusha. Anabeba tu.

Nilimuuliza kwa nini asirudi, kwa kuwa mto wenyewe umeshatoa hukumu. Alisema ndiyo sababu. "Nikirudi nitakuwa yule aliyesema kweli mbele ya wazee. Baba atakaaje nyumba moja na mtu kama huyo?" Nimesoma miaka mitatu, na mifupa yote ya mkono naijua kwa jina, lakini hilo halimo vitabuni mwetu.

Unaona sasa jinsi ulivyonifanya nivunje kiapo? Nimeanza kufunga siku tatu za kafara. Leo ya pili. Na hilo ni juu yako.

Habaryar yako,
Anab


Balambala,
Jumapili, 17 Agosti 2025

Kwa Habaryar Anab,

Assalamu alaykum. Barua hii inakuja na mzigo mzito, na nitakueleza sababu. Kwanza salamu za Hooyo. Wale mapacha wa mbuzi wamekula kibandiko cha redio.

Kamba ya upande wa pili naishika mimi nikiwa likizoni. Nisipokuwepo Aabo huifunga kwenye mti wa mkoma ulio ukingoni na kuvuta peke yake. Ndiyo sababu magoti yanamsumbua. Si viatu.

Sikusema jina la mtu. Nilifikiri siku nyingi nitaanzaje, mwishowe nikaanza na supu. Tulikuwa tumekaa baada ya chakula cha mchana, nikamweleza Aabo kwamba huko Nairobi Habaryar Anab akichoka anaagiza supu ya Wavietnamu, na inanukia kama ya Idd. Aliuliza kama ni halali, nikamwambia ulipiga simu. Akaridhika. Nikasema, lakini Wavietnamu hawajui ndizi, kwa hiyo mwenye pikipiki anayemletea huongeza yake. Anainunua mwenyewe na kuitia ndani ya mfuko, na hasubiri kushukuriwa.

Aabo alikuwa anachokonoa meno. Akaacha. Hooyo alikuwa amebeba birika, naye akasimama pale pale na birika lake.

Aliniuliza huyo mtu anazinunua wapi ndizi. Nikasema Nairobi, sokoni. Akasema ndizi za Nairobi zinaivishwa kwa dawa, hazina ladha, ni kama kula sabuni. Kisha akaingia kulala.

Alfajiri nilimwona anatoka na panga. Alirudi amebeba mkungu mzima wa ndizi mbichi begani, na magoti yake hayo, akauzungushia kamba ya magome ya mgomba, na kuutia kwenye gunia. Akaniambia niuandikie jina lako, utaondoka na gari la Garissa na kutoka hapo basi la Nairobi. Hooyo akauliza kwani Anab ana matumbo mangapi. Aabo akasema, "Atagawa. Huko kuna watu hawana ndizi."

Hooyo aliingia ndani akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

Nenda kituo cha basi mapema, usiache watu wa mizigo wakaupunguza.

Wako,
Idman


Nairobi,
12 Septemba 2025

Kwa Habaryar Idman,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Nina habari na sijui kama ni njema, utaamua mwenyewe. Kafara nilimaliza.

Mkungu ulifika salama. Mpagazi aliyenibebea alisema kama hizi ndizi ni za mtu mmoja basi huyo mtu anafuga nyani. Jana Alhamisi niliagiza supu kama kawaida, nikashuka na lile gunia mpaka langoni, nikakaa kwenye benchi la bawabu.

Alipofika nilifungua gunia. Aliangalia ile kamba ya magome jinsi ilivyozungushwa. Akazima injini, akavua helmeti kwa mara ya kwanza mbele yangu. Amefuga ndevu, Idman, na amefanana na baba yenu kiasi kwamba nilitaka kumwamkia. Akakaa. Supu ilikuwa bado mkononi mwake. Nikaichukua nikamimina juu ya tambi kabla hazijaharibika, tukala watu watatu kutoka bakuli moja, mimi na yeye na bawabu, ambaye alifundishwa kutafuna ndizi na supu na akasema siyo mbaya kwa watu wasio na ugali. Ndizi tuliyokula ni ile ya sokoni aliyokuja nayo. Za baba yako zilikuwa bado mbichi kabisa.

Baadaye aliunyanyua mkungu kwenye mwanga wa taa. Akapitisha kidole juu ya ndizi moja, kisha nyingine. Akasema: "Amezikata mapema. Bado zina pembe. Angesubiri wiki mbili zijae." Halafu akaniambia, "Mwambie."

Nikamuuliza, katika maneno yote ya duniani, unataka nimpelekee baba yako hilo? Neno la namna hiyo hiyo lililokutoa nyumbani? Akasema, "Nikimwambia kitu kingine hatajua kwamba ni mimi."

Sasa neno nimelifikisha kwako. Mimi kwa simu siwezi. Naogopa. Ukiona halifai, lizike.

Anab


Balambala,
Jumapili, 2 Novemba 2025

Kwa Habaryar Anab,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shule imefungwa, na hii, kama ile iliyokuja na mkungu, ni barua ambayo Mwalimu Ramla hataitia sahihi, kwa hiyo makosa ni yangu mwenyewe. Nilipomuaga aliniuliza kama lile neno nitalifikisha. Nikasema naogopa. Akasema barua ni amana.

Nililibeba lile neno tangu Septemba kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Jana jioni kulikuwa na wingu, na si dogo. Aabo akashuka mtoni, mimi nikamfuata, Hooyo naye akaja nyuma akisema anatafuta kuni, na hakuna kuni upande ule. Tuliivuta pampu, mimi kamba yangu na Aabo yake. Tulipoifikisha juu alikaa kupumzika, nikasema kabla sijajuta. Nilisema: Aabo, yule mwenye pikipiki ameziona ndizi, na amesema umezikata mapema, bado zina pembe, ungesubiri wiki mbili zijae.

Hooyo alisema astaghfirullah kwa sauti ndogo.

Aabo alikuwa anakunja kamba. Aliendelea kuikunja mpaka ikaisha, akaiweka chini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na niliogopa sana, kwa sababu sijawahi kumwona akilia. Lakini alikuwa anacheka, Habaryar. Alicheka mpaka akashika magoti. Akafuta macho na kikoi chake, akasema kweli, alizikata mapema. Alikuwa anajua wakati anazikata. Alikuwa na haraka.

Akaiangalia migomba. Kisha akasema: "Mwandikie Habaryar yako. Amwambie Aabo aje azikate mwenyewe."

Alisema Aabo, kama alivyokuwa akimwita Abdiwali zamani. Hooyo alikaa chini mchangani pale pale.

Leo asubuhi, hotelini, mbele ya wazee wale wale, wamemuuliza kama mke wa pili amelala salama nje ya maji. Yurub, aliyekuja likizo hapa kwa mjomba wake, naye mjomba huyo alikuwepo, ananiambia Aabo aliweka kikombe chini na kuwajibu kwamba mwanawe ndiye aliyemfundisha.

Habaryar, Alhamisi agiza mabakuli mawili. Usimwache afike langoni na injini inanguruma. Mmiminie yake, msomee barua hii upesi kabla tambi hazijavimba, na umwambie migomba minne ya karibu na mkoma imezaa na hakuna atakayeigusa. Hooyo hakuwapa kuku ile sahani asubuhi ya leo. Ameifunika.

Mwambie pia kwamba wingu bado lipo. Kamba ya upande wa pili ninayo mimi, lakini mikono yangu ni midogo.

Idman